Kayamba Limekwenda Wapi?

Ijumaa, 5 Juni

Kimefika! Kiboksi cheusi, chembamba, kinang'aa, kimekaa kwenye rafu ya sebuleni kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Basi jina limeshapatikana: Bwana Harusi. Pembeni yake strima yangu ya miaka tisa, yenye mkwaruzo ubavuni. Huyo kuanzia leo ni Babu. Kazi yao ni moja. Wanavuta muziki kwenye intaneti, wanaupeleka kwenye amplifaya, amplifaya inaupeleka kwenye spika, spika zinaniliwaza mimi. Hakuna zaidi.

Shida ni Babu. Tangu mwanzo wa mwaka amekuwa mzito. Besi ipo, ngoma zipo, mwimbaji yupo, lakini kayamba limekwenda wapi? Kuna ule wimbo wangu wa dansi, wa miaka mingi. Gitaa linaanza, halafu kayamba linaingia — chaka-chaka, chaka-chaka — mpaka unamwona mtu anavyotikisa mikono. Siku hizi gitaa linaanza, nangoja, nangoja, wimbo unaisha. Matoazi nayo vilevile. Kama yanapigwa nyumba ya tatu, madirisha yamefungwa.

Bwana Harusi amekuja na Profesa mwenyewe. Profesa ni mwenye duka la vyombo vya muziki. Wateja tumempa jina hilo kwa sababu hawezi kukuuzia hata waya bila kukupa mhadhara kwanza. Amenipa wiki mbili za kujaribu. Ijumaa ya tarehe 19, saa kumi na moja jioni, atapita: ama achukue boksi lake, ama achukue jibu la kununua. Bei sitaiandika. Karatasi itaona haya.

Cha ajabu ni mume wangu, Baba Pacha. Nilijipanga kwa vita! Nilikuwa na hoja nne, nimezifanyia mazoezi bafuni. Yeye kavua viatu, katazama rafu, kasema: nunua tu, Mama Pacha, kama itakufurahisha. Nunua tu! Mtu yuleyule ambaye Januari alisema redio yangu ni kelele za bei mbaya, tukanuniana siku mbili nzima. Hoja zangu zote nne zimebaki mdomoni. Hapa kuna kitu.


Jumamosi, 6 Juni

Kayamba limerudi!!

Nimecheza jikoni na mwiko mkononi. Nimecheza peke yangu, wimbo mmoja mara sita. Kayamba si kali sana, lakini lipo, ukilitafuta unalipata. Babu, asante kwa utumishi wako, pumzika salama. Nimempigia Profesa nikamwambia nishaamua. Akasema usiharakishe, mama, sikio linahitaji siku za kumzoea mgeni. Mfanyabiashara gani huyu anayekataa mteja!


Jumapili, 7 Juni

Nimeharibiwa siku na mwanangu wa kumzaa.

Pacha Mkubwa amekuja kula. Kuingia tu, mikono masikioni: Mama, mbona sauti iko juu hivyo, mnataka kuhamisha majirani? Nikamwambia keti usikie maendeleo. Nikamwashia Babu, kisha nikamwashia Bwana Harusi. Akasema zote zinalia vizuri. Nikamwambia sikiliza kayamba. Akasema kayamba lipo kwenye zote mbili, Mama, tena kwenye hii ya zamani liko wazi kabisa. Kisha akainuka akaangalia namba za sauti kwenye amplifaya. Nilimchezesha Babu kwenye thelathini na Bwana Harusi kwenye arobaini na tano! Yule mgeni hakuwa bora, alikuwa amefunguliwa sauti zaidi tu.

Nikampandisha Babu naye hadi arobaini na tano. Kayamba likachungulia. Kidogo, lakini likachungulia.

Nikamwongezea wali mwanangu ili mdomo wake upate kazi. Lakini yeye anaishi na vile vispika vya masikioni kutwa, atajua nini kuhusu muziki?


Jumatatu, 8 Juni

Karakanani. Nimegombana na mteja, na haki ilikuwa yangu.

Mama wa Mashela — anashona magauni ya harusi, mashine yake ni ileile tangu enzi za mama yake — amerudisha cherehani niliyomtengenezea wiki iliyopita. Anadai inalia. Inaliaje? Anasema inapiga kelele nyembamba kama panya aliyebanwa, hata maharusi wanaokuja kupimwa wanashtuka. Nikakanyaga pedali. Nikasikiliza nimesimama. Miaka thelathini naitibu mitambo hii. Mimi sishoni nguo, natengeneza cherehani zenyewe, na nikisimama tu karibu nayo najua ni bobini au mkanda au sindano iliyopinda. Nikasikiliza tena. Safi! Inakwenda kama maji ya mto.

Akasema: inalia sasa hivi, fundi, husikii?

Nikamwambia labda inalia nyumbani kwako, hapa inajua adabu. Wateja wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Amebeba mashine yake akaondoka na kusema atamwonyesha fundi mwingine. Aende. Atarudi.

Sikio la kulia linawasha leo. Mafua haya ya tangu Januari hayajanitoka vizuri.


Jumatano, 10 Juni

Sina la maana kuhusu muziki. Nimemsikiliza Bwana Harusi kwenye thelathini. Kayamba hakuna. Kwenye thelathini na tano hakuna. Kwenye arobaini, kayamba liko mlangoni lakini haliingii.

Basi niandike jambo jingine, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Mume wangu ameacha kupiga mluzi.

Tulipokuwa wachumba nilikuwa mwanagenzi kwenye karakana ya watu. Yeye alikuwa akipita nje jioni anapiga mluzi wa sauti mbili, ya kwanza inapanda, ya pili inashuka. Mimi nilikuwa nagonga nondo za dirisha kwa bisibisi. Mara mbili: natoka. Mara moja: bosi yupo, endelea na safari. Tukaoana, tukahamia hapa, mchezo ukahamia nasi. Saa kumi na moja anarudi kutoka kusoma mita za maji za nusu ya mji huu, mwepesi, hana kelele, anapiga mluzi getini, mimi nagonga nondo mara mbili. Miaka ishirini na saba! Wakati wa mimba ya pacha nilikuwa nagonga nikiwa nimelala.

Mwaka huu hakuna. Anatokea tu mlangoni, kimya, kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimeona aibu kumuuliza. Nikiuliza nitaonekana naomba. Na mtu huomba mluzi?

Nimekasirika mpaka nimekata kitunguu vipande vinene.


Alhamisi, 11 Juni

Profesa kwenye simu, dakika arobaini. Kayamba, anasema, ni sauti ya juu, na sauti za juu ni dhaifu, zikikutana na pazia zinakufa. Nitoe mapazia. Nisogeze spika mbele. Nisogeze kochi nyuma. Nitoe zulia — hapana, nirudishe zulia.

Baba Pacha ametoa mapazia, amesogeza kochi, ametoa zulia, amerudisha zulia. Hakulalamika hata mara moja. Hata "mgongo wangu jamani" sikusikia. Sasa tunakaa sebuleni majirani wakituona kama tuko dukani kwenye kioo, na kochi limeziba mlango wa chumba cha mizigo.

Kayamba? Usiniulize.


Jumamosi, 13 Juni

Baba Pacha kauliza tena: umeshainunua? Nikasema bado. Akasema nunua, usijibane. Halafu akasimama pale pale kama mtoto aliyevunja kikombe, anangoja nimjibu kitu.

Mtu akikubali haraka hivyo kuna kosa analifunika. Nimefikiria yote. Mwanamke? Yule hawezi hata kuficha zawadi ya sikukuu, ataficha mwanamke? Ugonjwa? Anakula kama kawaida. Basi nini?


Jumatatu, 15 Juni

Siku hii niiandike taratibu.

Mama wa Mashela amerudi. Hakuja kugombana. Fundi mwingine amemwambia ni beringi ndogo ya nyuma, lakini hana kifaa chake, nami ninacho. Akaweka mashine mezani, akasema kwa upole: fundi, safari hii tafadhali isikilize kwa bisibisi.

Bisibisi ndiyo siri ya kazi yetu. Mashine kubwa za viwandani zina makelele mengi, huwezi kujua yupi anaumwa. Unachukua bisibisi ndefu, unaweka ncha kwenye chuma, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sauti inapanda na chuma, inaingia kichwani yenyewe. Kwa cherehani ndogo kama ya Mama wa Mashela huwa siitumii. Ni kama kutumia ngazi kupanda kitandani. Lakini kwa kuwa ameomba vizuri, nikaichukua.

Ncha kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio la kulia. Nikakanyaga pedali.

Salale! Panya! Panya mzima amebanwa mle ndani, analia kwa sauti nyembamba kama uzi!

Nikaondoa bisibisi. Kimya. Inakwenda kama maji ya mto. Nikairudisha: panya. Nikaondoa: kimya. Nikamtazama Mama wa Mashela, naye hata bisibisi ilipokuwa imeondolewa alikuwa amekunja uso. Nikamuuliza, wewe hapo ulipo unasikia? Akasema: fundi, hata ningekuwa mlangoni.

Nimebadilisha beringi. Nimemwomba radhi, mbele ya wateja, kwa sauti. Sikumtoza chochote. Amenishika mkono akasema hata yeye miwani alikataa miaka miwili, mpaka aliposhona mkono wa kushoto upande wa kulia wa gauni. Nikacheka. Nilitaka kulia lakini nikacheka.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nikamwasha Babu, kwenye thelathini. Wimbo ule. Gitaa likaanza, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye ubao wa spika, mpini nyuma ya sikio.

Chaka-chaka, chaka-chaka, chaka-chaka.

Lote lipo. Kila punje ya kayamba ipo. Matoazi yapo, hata pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti wa pili, kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Babu hana kosa! Babu maskini, nimemsema miezi mitano, nimemletea mrithi nyumbani, na yeye alikuwa anafanya kazi yake kila siku.

Nimejaribu na sikio la kushoto. Si sana. Nimerudi kwenye la kulia.

Nimeogopa. Naandika hivyohivyo: nimeogopa. Nina miaka hamsini na mitatu na sina cheti chochote ukutani isipokuwa masikio haya. Fundi asiyesikia mashine atafanya nini, aziangalie usoni?


Jumanne, 16 Juni

Sikulala vizuri, lakini jioni imelipa yote. Ngoja.

Saa kumi na moja Baba Pacha akatokea mlangoni, kimya kama kawaida. Na mimi nilikuwa na joto tayari, kwa hofu ya jana na hasira ya miezi. Nikamvamia kabla hajavua begi. Nikamwambia niambie leo hii, mbona uliacha kupiga mluzi? Nimekukosea nini?

Akabaki ameshika kamba ya begi. Akasema: kuacha? Sijaacha hata siku moja.

Nikamwambia usinitanie.

Akasema: Mama Pacha, nimepiga sasa hivi. Nimepiga mara tatu. Jana nimepiga. Kila siku napiga, nangoja pale getini ugonge, hugongi, naingia. Nilidhani umeninunia. Tangu ile Januari, nilipoisema redio yako. Nikasema moyoni, huyu mwanamke safari hii amenuna kweli, sijui nifanye nini. Ndiyo maana nikasema nunua. Nilifikiri ikija mpya utagonga.

Loo! Nikakaa. Kochi halipo pale lilipokuwa, nikakaa sakafuni.

Miezi mitano! Mwanamume amesimama getini kila jioni, anapiga mluzi kwa dirisha lisilojibu, halafu anaingia ndani anakula, anasogeza makochi! Na mimi humu ndani nakata vitunguu vinene kwa hasira! Nimemweleza yote. Mashine, panya, bisibisi, Babu. Alikaa nami sakafuni. Alisema tu: kumbe ni sikio. Akasema tena: kumbe ni sikio! Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na mimi nikaanza. Jirani wa ng'ambo alikuwa anatuona, mapazia si hayapo. Akafunga yake.

Halafu akafuta uso, akatoka hadi getini, akaniambia nisikilize. Nikamwona mdomo umechongoka. Nikaona mashavu yamejaa. Sikusikia kitu.

Hapo ndipo sikucheka tena. Ni jambo moja kukosa kayamba.

Keshokutwa daktari wa masikio. Baba Pacha ndiye aliyepiga simu kuomba nafasi. Nilipomwambia naweza kupiga mwenyewe, akasema: na ukiambiwa saa nne ukasikia saa nane je? Nimempiga na mto.


Jumatano, 17 Juni

Nimemfuta Babu vumbi. Nimemwomba radhi pia, hakuna aliyeniona.


Alhamisi, 18 Juni

Sijui niandike au niseme na ukuta. Nitaandika.

Daktari ni mama mmoja mtulivu, mikono ya baridi. Akatazama sikio la kulia kwa kitochi. Akatazama tena. Akaniuliza kazi yako nini? Nikamwambia. Akasema: basi nimeelewa, tulia usitikisike. Akaingiza kikoleo chembamba. Nikasikia kitu kinavutwa ndani ya kichwa changu mwenyewe, kwarakwara, kama mtu anaburuta kabati. Akakiweka kwenye kisahani cha chuma.

Kitonge cha nyuzi. Cha kijani!

Nikakijua palepale. Januari! Ile karakana ya sare za shule, mashine arobaini kwenye chumba kimoja, zote zinashona masweta ya kijani kwa pamoja. Nilikuwa pale wiki mbili nazifanyia sevisi. Kelele ile haina mfano. Sisi mafundi wote tuna tabia: unaokota mabaki ya nyuzi sakafuni, unayaviringisha vidoleni, unaziba sikio, unaendelea na kazi. Jioni unavitoa. Kimoja nilikitoa. Cha pili, inaonekana, nilikwenda nacho nyumbani. Na nilipohisi sikio limejaa nikasema mafua, nikalichokoa kwa ncha ya penseli, nikakisukuma ndani zaidi. Nta ikakifunika, kikajengewa nyumba.

Miezi mitano natembea na sweta sikioni!

Nimecheka mpaka daktari ameweka kikoleo chini. Baba Pacha alikuwa mlangoni, akaingia akidhani nalia. Akaonyeshwa kisahani. Akauliza kama anaweza kukichukua. Daktari akakataa, bahati yake.

Kisha likaja sikio la kushoto. Na mimi bado nacheka. Akatazama kwa kitochi, akatazama muda mrefu kuliko la kulia. Akasema: huku kusafi kabisa, hakuna kitu.

Nilidhani ni habari njema. Nikaona hatabasamu. Nikakumbuka bisibisi: "si sana." Nikamwambia. Akasema kelele za miaka thelathini huharibu sikio polepole, huenda ni kidogo, huenda si kidogo, hawezi kubuni. Jumatano ijayo nirudi kwa kipimo: nitafungiwa kwenye kichumba, nibonyeze kitufe kila ninaposikia mlio. La kulia nalo linahitaji kupimwa, kwa sababu bado limevimba ndani, ameweka dawa, litazibuka polepole, labda kesho, labda baada ya siku mbili. Kwa sasa ni kama nina maji humo.

Na kuanzia leo, amesema, vizibo vya kweli. Vya dukani. Si uchafu wa sakafuni. Ndiyo, daktari.

Jioni Baba Pacha amepiga mluzi getini. Nilikuwa nimekaa dirishani, bisibisi mkononi. Sikupata kitu ila dawa inavyobubujika. Akaingia, akanitazama, nikatikisa kichwa. Akasema kesho nitapiga kwa nguvu. Nikamwambia usithubutu! Piga kama siku zote. Ukinizidishia nitajua, na hapo nitakununia kweli.


Ijumaa, 19 Juni

Asubuhi. Nimeamshwa na kitu. Nikalala kimya nikitafuta ni nini. Ni saa ya ukutani! Kumbe inagonga! Nilikuwa nimeshaazimia kuibadilisha betri.

Karakanani. Naandika kati ya mashine mbili. Sikio la kulia linafunguka na kufunga kama mlango wenye upepo. Likifunguka nasikia mkasi wa fundi wa jirani. Nasikia karatasi. Nimesikia nyuzi zinakatika! Likifunga narudi majini. La kushoto nimeliziba makusudi kwa kidole mara tano leo, na la kulia nimeliziba mara tano, kulinganisha. Nimeacha. Jumatano itasema.

Saa kumi na robo, nyumbani. Nimemwasha Babu, thelathini. Gitaa. Nikangoja. Kayamba... nadhani. Nadhani! Au nimelikumbuka tu, kwa kuwa najua linapoingia. Hapo ndipo kazi ilipo. Wimbo unaoujua unaweza kujiimbia mwenyewe kichwani. Sitaki kujidanganya. Nimezima.

Na huyu Bwana Harusi je? Nimekaa nao wote wawili, nawatazama. Kama sikio limerudi, Babu ananitosha, hana kosa. Kama la kushoto linaniaga, boksi jipya halitalirudisha. Lakini sauti moja inaniambia: nunua, mwanamke, sikia kila kitu kizuri ungali na sikio moja zima. Na sauti nyingine inasema hiyo ni hofu, si muziki. Sijui. Kweli sijui.

Saa kumi na dakika hamsini. Profesa ameshafika! Mtu huyu hajawahi kuchelewa maishani. Amekaa kwenye kochi — tumelirudisha mahali pake — na tayari yuko kwenye mhadhara. Nimemweleza kuhusu kitonge cha kijani, ili aelewe kwa nini wiki mbili zake zimepotea. Alicheka kwanza. Akasema ameuza spika na strima miaka kumi na minane, na hakuwahi kumuuliza mteja hata mmoja kuhusu masikio yake. Akaendelea kukaa hivyo, mikono magotini. Amenigusa. Nimemletea chai.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Nimehamia dirishani na daftari langu. Profesa anauliza: kwa hiyo, mama, nimchukue Bwana Harusi au nimwache? Nimemwambia ngoja. Akaanza kunieleza kuhusu masafa ya juu. Nimemwambia, Profesa, nakuheshimu sana, nyamaza.

Amenyamaza. Hata kikombe hakigusi.

Saa kumi na moja na dakika tatu. Nimegeuza sikio la kulia barabarani. Macho nimeyashusha kwenye karatasi, sitaki kuona geti. Nikimwona mdomo umechongoka nitadhani nimesikia. Nasikia saa ya ukutani. Nasikia gari. Nasikia moyo wangu, huo hauhitaji daktari. Bisibisi iko mkono wa kushoto, nimeishika kama kijana wa miaka ishirini na mitano anayeogopa bosi wake.

Dakika tano. Gari limepita. Sikio limefunga. Usifanye hivyo, tafadhali, si sasa. Meza mate. Meza tena. Limefunguka.

Profesa ameinua kichwa ghafla anatazama nje. Nimemnyooshea kalamu: usiniambie! Usiniambie chochote!

Ngoja. Kuna kitu. Chembamba, kwa mbali, kule getini. Si breki. Si ndege. Kinapanda —

Kalamu chini. Bisibisi juu.